Mimi huketi, konda wangu husimama: je, hatari ya maradhi ya moyo ni sawa kwetu sote wawili?

Usukani47 ameuliza:

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni dereva wa daladala mwenye umri wa miaka 47, na kwa miaka 19 sasa nimekuwa nikiendesha gari la abiria, miaka ya karibuni kati ya Gongo la Mboto na Makumbusho. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri na kurudisha gari kwa tajiri saa tatu usiku. Nikiondoa muda wa kula na wa kusubiri zamu kituoni, mwili wangu hauna kazi nyingine isipokuwa miguu inayokanyaga klachi, breki na mafuta, na mikono inayozungusha usukani. Foleni ya Buguruni ikikaza, naweza kukaa dakika 40 bila kunyanyuka kitini.

Kilichonisukuma kuandika ni mambo mawili. La kwanza, mwezi uliopita tulimzika dereva mwenzetu wa kituo kimoja. Alikuwa amepanga gari kwenye zamu, akainamia usukani kama mtu anayesinzia, na konda wake alipomgusa bega ili amwambie gari limejaa, mwenzetu alikuwa ameshakata roho. Alikuwa na miaka 51, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika ugonjwa. La pili, baada ya msiba ule nilikwenda kupima presha, nikaambiwa 152 kwa 96; nikarudi baada ya wiki, nikaambiwa 148 kwa 94. Siku hiyohiyo nilikuwa nimempelekea fundi suruali zangu tatu za kazi aziachie kiunoni, naye aliponipima kwa futi yake akasema kitambaa cha kuachia kimekwisha, safari ijayo nishone nyingine.

Sasa, konda wangu ana miaka 44 na tulianza kazi mwaka mmoja. Supu tunayokunywa asubuhi ni moja, chapati ni zilezile, na usingizi wetu ni mchache kwa namna moja. Tofauti yetu ni kwamba yeye husimama mlangoni tangu alfajiri, huruka chini kila kituo, huita abiria, hukimbilia gari likianza kuondoka. Nilimlazimisha naye apime; akakuta 118 kwa 76.

Naomba wenye elimu wanisaidie. Je, ni bahati yake tu, au kuushughulisha mwili kunamkinga mtu kweli dhidi ya maradhi ya moyo na kiharusi? Na kama kazi inatosha kuwa kinga, wachukuzi wa Kariakoo wasingeugua kabisa, sivyo? Mwisho, vijana wa mtaani kwetu hucheza mpira kila Jumapili na wamenialika. Je, nikiingia uwanjani sasa, miaka 19 ya kukaa itafutika?

Muuguzi_Temeke amejibu:

Kaka Usukani47, pole sana kwa msiba. Mimi ni muuguzi, na siku nyingi za juma huwa kwenye kliniki ya presha na kisukari, kwa hiyo watu wa kazi yako nawaona wengi kuliko ningependa.

Swali lako liliwahi kuulizwa kwa watu wa kazi hizohizo mbili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja wa Uingereza aitwaye Jerry Morris alikuwa akitafuta sababu ya kuongezeka kwa maradhi ya moyo miongoni mwa wanaume wa nchi yake, akaamua kulinganisha watu wa tabaka moja na maisha yanayofanana ambao kazi zao zinatofautiana kwa mwendo wa mwili. Mabasi mengi ya London yalikuwa ya ghorofa: dereva aliketi siku nzima, na konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, vipandio kati ya 500 na 750 kwa siku moja ya kazi. Walichunguzwa wafanyakazi wapatao 31,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953 katika jarida la The Lancet, nayo yalionyesha kwamba makonda waliugua maradhi ya mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na kwamba kifo cha ghafla, kama hicho ulichokishuhudia kituoni kwenu, kiliwachukua zaidi madereva. Morris akawatazama pia watu wa posta, akakuta mwelekeo uleule: waliopeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani na wapokea simu.

Wagonjwa huniuliza mara nyingi miguu inahusianaje na moyo. Mtu anapotembea haraka, misuli ya mapaja hudai damu nyingi, na damu ile ikipita kwa kasi husugua ukuta wa ndani wa mishipa. Ukuta ule si mpira wa bomba usio na uhai; huhisi msuguano na kuujibu kwa kutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, ambayo hulegeza mishipa na kuipanua. Jambo hilo likijirudia siku baada ya siku, mishipa hubaki laini, na presha hushuka hata wakati mtu amepumzika. Misuli inayofanya kazi huchota pia sukari kutoka kwenye damu, kwa hiyo insulini kidogo hufanya kazi iliyohitaji nyingi, na uwiano wa mafuta katika damu hubadilika kwa namna inayopunguza utando unaoziba mishipa. Moyo wenyewe, kwa kuwa nao ni msuli, hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, ndiyo maana mtu mwenye mazoezi akipumzika mapigo yake huwa machache. Kukaa saa kumi na tano kitini hunyima mwili yote hayo kwa pamoja.

Kuhusu miaka 19, nakuletea habari ambayo mimi mwenyewe huitumia kuwatia moyo watu wa rika lako. Mwaka 1966, huko Dallas nchini Marekani, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani kwa wiki tatu mfululizo ili ipimwe nguvu ya mwili kutumia oksijeni, na nguvu ile ikaporomoka kwa zaidi ya robo. Watu walewale watano walipimwa tena miaka 30 baadaye. Ilionekana kwamba wiki tatu za kulala ziliwapunguzia nguvu kuliko miaka 30 ya kuzeeka ilivyowapunguzia. Kisha wakapewa mazoezi ya kuongezwa polepole kwa miezi sita, wengi wao wakitembea au kuendesha baiskeli, na kile walichopoteza kwa miaka yote hiyo kikarudi. Ni watu watano tu, sitaki nikuzidishie. Hata hivyo, mwili wa mtu wa miaka 50 uliweza kujibu.

Kiasi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2020 ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, au nusu ya hizo kama mwendo ni wa nguvu, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Zamani tuliambiwa dakika zisizofika kumi mfululizo hazihesabiki. Sharti hilo liliondolewa, na kwa dereva hiyo ni habari njema kuliko zote, kwa sababu dakika saba unazosubiri zamu Makumbusho sasa ni zako.

Nakuomba sana mambo mawili. Mazoezi ya kutembea humshushia mtu mwenye presha namba ya juu kwa takribani vipimo 5 hadi 8. Ni kiasi cha kuthaminiwa, lakini si sababu ya kukwepa hospitali, na ukiandikiwa dawa usiziache kwa kuwa umeanza kutembea. Pili, usiingie uwanjani Jumapili hii. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1993 ulionyesha kwamba, katika saa moja baada ya kujitutumua sana, hatari ya mshtuko wa moyo kwa mtu asiyezoea mazoezi hupanda zaidi ya mara 100 ya kawaida yake, ilhali kwa anayefanya mazoezi mara tano kwa wiki au zaidi hupanda mara mbili na ushei tu. Saa hiyo moja ni fupi na hatari yenyewe kwa ujumla hubaki ndogo, lakini mtu wa miaka 47 mwenye presha ambayo bado haijatibiwa hana sababu ya kuikaribisha. Tembea kwanza kwa miezi miwili mitatu, upimwe, halafu vijana watakukuta.

MwalimuWaHesabu amejibu:

Namshukuru Muuguzi kwa maelezo yenye mizani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, naishi Kinondoni, na nimevutiwa zaidi na zile suruali za Usukani47 kuliko alivyotarajia mwenyewe.

Baada ya matokeo ya 1953 walijitokeza watu waliouliza swali la haki: je, kiti ndicho kilichowaumiza madereva, au watu wenye miili mizito ndio waliochagua udereva tangu mwanzo? Morris na wenzake hawakulikwepa swali hilo. Shirika la mabasi liliwashonea wafanyakazi wake sare na kutunza vipimo vyake, basi wakaviomba vipimo hivyo, wakalinganisha viuno vya suruali. Mwaka 1956 walichapisha walichokiona: kwa urefu uleule na umri uleule, madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makonda. Kwa maneno mengine, sehemu ya tofauti huenda ilikuwa tayari mwilini kabla ya kazi. Walipofuatilia tena katika miaka ya 1960 na kuwagawa watu kwa wembamba na unene, waliona kwamba konda alikuwa na nafuu ya kifo cha ghafla kuliko dereva mwenye umbo kama lake, awe mwembamba au mnene. Naipenda sana kazi hii kwa sababu mtafiti aliyeibeba hoja ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitafuta ilipo dosari yake. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99, na ingawa mfano wa mtu mmoja si ushahidi, sijaacha kuukumbuka.

Nina jambo la kumtahadharisha Usukani47 kuhusu konda wake. Konda wa London alipanda ngazi. Konda wetu hupanda kipandio kimoja cha mlango, kisha huning'inia. Kusimama peke yake hakuulazimishi moyo kufanya kazi kubwa, na mtu huyo huvuta moshi wa magari tangu alfajiri, jambo ambalo nalo lina madhara kwa mishipa ya damu. Basi ile 118 kwa 76 inaweza kuwa imetokana na kukimbilia gari, au ni ya kurithi kwa wazazi, au ni wembamba wake. Kwa watu wawili hatuwezi kujua. Kwa watu 31,000 tunaweza kuanza kujua.

Kama tunataka mfano wa nyumbani, tuwatazame ndugu zetu Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Watafiti waliwafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 wakaona kwamba kwa wastani hutumia dakika zipatazo 135 kila siku katika mwendo wa wastani au wa nguvu, na dalili za hatari ya maradhi ya moyo kwao ni chache hata uzeeni. Lililonishangaza ni la mwaka 2020: hupumzika karibu saa kumi kwa siku, sawasawa na watu wa ofisini. Ila wengi wao hupumzika kwa kuchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo hata hapo. Kiti cha dereva hukuondolea hata hicho kidogo.

BintiMchukuzi amejibu:

Shikamoo mwalimu, shikamoo kaka Usukani47, na dada Muuguzi asante kwa somo. Nimeandika kwa sababu ya lile swali la wachukuzi wa Kariakoo, kwa kuwa baba yangu alikuwa mmoja wao kwa miaka 26.

Baba alibeba viroba vya mahindi na mchele kutoka kwenye malori hadi maghalani. Nilipokuwa mdogo nilimpelekea chakula mchana, na nakumbuka shingo yake: mshipa ulisimama kama kamba wakati kiroba kikiwekwa mgongoni, akabana pumzi mpaka atakapokitua. Alikuwa mwembamba na hakuwa na kitambi. Alipoanza kuumwa kichwa kila asubuhi alikwenda kupimwa, akakutwa na presha, na aliyempima akamwambia asijali kwa kuwa yeye kazi yake ni mazoezi tosha. Alirudi kazini bila dawa. Akiwa na miaka 58 alipata kiharusi, na mkono wake wa kulia haukurudi.

Kwa muda mrefu niliona kama elimu ya mazoezi imetudanganya, mpaka nilipokutana na utafiti wa Copenhagen, Denmark, uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha watu zaidi ya 100,000. Waliofanya mazoezi wakati wa mapumziko yao walikuwa na hatari ndogo ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini wale ambao kazi zao zilikuwa nzito kuliko zote hatari yao ilikuwa kubwa kwa takribani asilimia 35 kuliko wa kazi nyepesi. Maelezo yanayotolewa yananiingia akilini: anayekimbia nusu saa moyo wake hupanda, kisha hushuka na kupumzika, ilhali mchukuzi hubeba saa tisa au kumi huku akibana pumzi, presha ikipanda kwa kila mzigo, bila uwezo wa kusema leo nimechoka, kwa sababu asipobeba hali.

Wapo wanaosema kwamba tatizo ni umaskini, sigara na usingizi mchache badala ya mzigo wenyewe, na kwa baba vyote vitatu vilikuwepo. Hata hivyo ningeomba kila mwenye kifaa cha kupimia presha mjini hapa asimwangalie mtu misuli yake akaamua kwamba moyo wake ni mzima.

MwalimuWaHesabu amejibu:

Binti yangu, marahaba, na pole kwa yaliyompata baba. Naongeza jambo dogo kwa upande mwingine wa mizani. Makuli 6,351 wa bandari ya San Francisco walifuatiliwa kwa miaka 22 na Ralph Paffenbarger, na mwaka 1975 alionyesha kwamba waliofanya kazi nzito walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kilichokaribia nusu ya cha wenzao wa kazi nyepesi. Alichosisitiza ni kwamba nguvu yao ilitumika kwa vipindi vifupi vyenye kujirudia, yaani kazi, pumziko, kazi. Huenda tofauti kati ya makuli wale na baba yako ndiyo hiyo hasa: wao walipewa nafasi ya kushusha pumzi. Nakuunga mkono kuhusu kupima.

Usukani47 ameandika:

Nimesoma yote mara mbili, na ujumbe wa binti nilimsomea konda wangu tukiwa kwenye zamu. Leo nimekwenda hospitali. Nimeambiwa nipime nyumbani kwa siku saba, nirudi na namba, nipimwe na sukari. Mpira nimeuahirisha. Nimeanza kushuka kwenye gari kila tunapofika mwisho wa safari na kuzunguka kituo chote mpaka zamu yetu ifike, na jioni nikishakabidhi hesabu kwa tajiri natembea hadi nyumbani badala ya kupanda bodaboda, dakika 25. Kijana wangu ameniwekea kwenye simu kihesabu hatua, anasema zisipofika 10,000 ni kazi bure. Jana zilikuwa 5,200. Je, ni kweli?

Muuguzi_Temeke amejibu:

Si kweli, kaka, na mwambie kijana kwa upole. Namba ile ya 10,000 ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani kuanzia mwaka 1965; jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi, na namba ikashika kwa kuwa ni rahisi kukumbuka. Tafiti zilizounganishwa na kuchapishwa mwaka 2023 zilionyesha kwamba watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi waliotembea hatua kati ya 6,000 na 9,000 walikuwa na hatari ya maradhi ya moyo na mishipa iliyo chini kwa asilimia 40 hadi 50 kuliko waliotembea 2,000, na kila hatua zilizoongezeka juu ya uchache zilikuwa na faida. Wewe umetoka kwenye kiti ukafika 5,200. Wiki ijayo ongeza mzunguko mmoja wa kituo, basi.

Kuhusu kupima nyumbani, usipime ukitoka tu kutembea wala ukiwa umekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Keti kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, ukae kimya dakika tano ndipo ubonyeze. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, andika zote hata ile isiyokupendeza. Na ukisikia kifua kinabana, pumzi inakatika au jasho jembamba linakutoka ukiwa unatembea au ukiwa kwenye usukani, weka gari pembeni hapohapo na umwambie konda akupeleke hospitali. Usisubiri mpaka mfike Makumbusho.